Nusu Saa ya Kwanza ya Kamshafti Mpya katika Injini ya Chevrolet V8

Mafundi wanaoongeza nguvu ya injini ya V8 ambayo Chevrolet iliitoa kwa magari yake ya mwaka 1955 mara nyingi huondoa kamshafti ya kiwandani na kuweka nyingine yenye nundu zilizoinuka zaidi. Alama za gia za cheni zikishalinganishwa, hudhaniwa kuwa kazi ngumu imekwisha. Sivyo. Katika mfumo wa tapeti zisizo na rola, nundu huchongwa kwa mshazari mdogo sana, na kitako cha tapeti hubinuka kidogo, ili tapeti ijizungushe inapopanda na kushuka. Isipojizungusha, husagika pamoja na nundu yake kwa dakika chache, na unga wa chuma hufika hadi kwenye beringi. Ndiyo maana tapeti kuukuu hazirudishwi juu ya kamshafti mpya.

Aidha, nundu hutegemea zaidi oili inayorushwa na krenkishafti, ambayo ni haba injini inapozunguka polepole. Hivyo injini ikishawaka hupandishwa mara moja hadi mizunguko 2,000 au zaidi kwa dakika, na kuendeshwa hivyo kwa dakika 20 hadi 30. Kuiacha ingurume taratibu ili kusikiliza sauti yake ni kishawishi kinachoeleweka, lakini ni ghali. Oili nayo huchaguliwa: nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi, viambato ambavyo nundu hizi huvihitaji.