Suti Asubuhi, Gambuti Mchana: Papa Shirandula Alinijua Vizuri

Kama umewahi kumwambia mtu kwa simu "niko town, naingia mkutano" na ilhali umekaa kwa ngazi za duka la M-Pesa ukingoja mvua iishe, hii ni yako. Kaa vizuri.

Nataka tuongee kuhusu Papa Shirandula. Najua, najua. Watu wa rika letu wakiongea kuhusu komedi za marafiki na mapenzi, wanataja Friends. Hata mimi Friends nimeimaliza yote, vipindi 236, kutoka 1994 hadi 2004, kwa flashi niliyojaziwa na jamaa wa muvi kwa bei ya sahani ya chipo. Nilicheka sana. Lakini kuna kitu kilinikwama kooni. Hawa watu sita wanakaa kwa mkahawa mchana wa siku ya kazi na hakuna anayewauliza kitu. Kuna mahali Monica na Rachel wanapoteza nyumba yao kwa mchezo wa maswali kwa sababu hawajui rafiki yao Chandler hufanya kazi gani. Wamekuwa naye miaka, na hawajui!

Hapa Eldoret hiyo haiwezekani. Hapa swali la pili baada ya jina ni "unafanya wapi?" Na nimesema la pili kwa heshima tu, kuna wengine huanza nalo. Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, jiji la tano Kenya, lakini kwa mambo ya mapenzi Sixty-Four bado ni kijiji. Ukionekana na msichana pale Rupa's Mall Jumamosi, Jumatatu shangazi yake wa Kapsoya ashajua ulinunua soda ngapi. Halafu ni mji wa wanariadha. Unatembea Uganda Road na mtu, anakuonyesha jumba, anakwambia hilo ni la fulani, alilijenga na pesa za marathoni. Sasa wewe mwenye shilingi 200 kwa simu, ukiulizwa unafanya wapi, utasema nini?

Utasema uongo. Ndiyo maana nasema Papa Shirandula ndicho kipindi cha mapenzi kilichotuelewa kuliko vyote.

Kwa wale wadogo: kilianza Citizen TV mwaka wa 2007, Charles Bukeko akiwa Papa. Papa ni soja, mlinzi. Lakini mkewe Wilbroda, anayeigizwa na Jacky Nyaminde, anaamini bwanake ni mtu wa ofisi kubwa. Kwa hivyo mzee anatoka nyumbani na suti yake, anafika kazini, anavua, anavaa yunifomu. Jioni anarudia suti, anaenda nyumbani kama bosi. Kuna Awinja mfanyakazi wa nyumbani na ule mdomo wake, kuna Njoro, kuna Otoyo (ndiyo, ni Jalang'o yule yule ambaye watu wa Lang'ata walimchagua kuwa mbunge 2022). Lakini hao wote walikuwa mboga. Ugali ulikuwa ule uongo. Na ugali huo ulilisha Kenya miaka 13.

Sisi tulikuwa tunatazama kwa jirani, kule Moi's Bridge, TV ya betri ya gari. 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa tukakaa gizani mpaka jirani akaongeza pesa za king'amuzi, na nakumbuka mama ndiye aliyeuliza kila siku kama kimenunuliwa. Mama alikuwa akimcheka Papa mpaka anashika kiuno. Halafu anaigeukia TV na kumkaripia Wilbroda: "Na wewe, kwani huangaliangi viatu vya bwanako?"

Hiyo ya viatu ishike, tutairudia.

2022 nilijiunga na chuo hapa mjini. Sitakitaja, hakina kosa. Mama aliuza ng'ombe, watu wa kanisa wakafanya harambee, mjomba wangu wa Langas akanipa kitanda. Mwaka wa kwanza ulipita. Wa pili ukafika na salio la shilingi 31,000, na mwenye salio haingii mtihani. Nilizunguka wiki nzima nikijaribu kukopa. Nikashindwa. Kitu rahisi kilikuwa kumpigia mama na kumwambia. Lakini kila nikishika simu naona wale wazee wa kanisa, mmoja mmoja, na noti zao za mia mbili mbili, na yule nyanya aliyeleta kuku kwa sababu hakuwa na pesa. Huwezi kumrudishia mtu kuku.

Nikaanza kuosha magari karibu na mto Sosiani. Kila asubuhi nilitoka kwa mjomba saa 1, shati limepigwa pasi, begi mgongoni. Ndani ya begi kulikuwa na gambuti, ovaroli na daftari moja la kuonyesha watu. Nilibadilisha nguo nyuma ya tangi la maji. Saa 11 jioni nilijimwagia maji kwa mpira ule ule wa kuoshea magari, nikavaa shati, nikarudi kuwa mwanafunzi. Niliendelea hivyo miezi mingi kabla ya siku moja kusimama hapo nyuma ya tangi, mguu mmoja ndani ya gambuti, na kugundua kwamba mimi ni Papa Shirandula. Nilicheka peke yangu. Mwenzangu akadhani nimevuta kitu.

Kwa wakati huo kulikuwa na msichana. Anasomea uuguzi, anaishi Kapsoya, mpole lakini macho yake hayakosi kitu. Tulikutana kwa harusi ya rafiki, akaniuliza lile swali, nikamwambia: mwaka wa pili, uhasibu. Ilikuwa karibu kuwa kweli. Basi kila jioni akawa ananiuliza leo mmefunzwa nini, na mimi ili nisiaibike nikawa nasoma Google usiku. Ilifika mahali najua kuandaa mizania kuliko wanafunzi waliolipa karo.

Miezi 4 hivi. Siku moja tumekaa tunakula chipo na kachumbari, mvua inanyesha, akaangalia chini kwa miguu yangu. Soksi zilikuwa zimelowa na suruali kwa chini ina povu lililokaukia. Akasema, polepole, "Vitabu havilowanishangi mtu miguu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe alikuwa anajua kwa miezi 2. Boda anayembeba huosha pikipiki pale kwetu, na siku moja alipita amebebwa akaniona nimeinama chini ya Probox. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Nilikuwa nangoja uniambie." Sasa fikiria. Hiyo miezi 2 yote bado alikuwa akiniuliza leo mmefunzwa nini. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi kila jioni nampa mizania.

Hatukuachana siku hiyo. Tuliachana wiki 3 baadaye, na wala si kwa sababu ya kazi. Alisema babake mwenyewe alianza kwa mkokoteni. Shida ni kwamba alianza kuuliza vitu vidogo vidogo. Mjomba yuko kweli? Hilo jina lako la pili ni lako? Yote yalikuwa kweli, nami nilijibu ndiyo, lakini ndiyo yangu haikuwa inanunua kitu tena. Nilimwelewa. Bado namwelewa, ingawa sipiti Kapsoya.

Baadaye nilirudi kutazama vipande vya Papa Shirandula kwa YouTube, na nikajipata simwangalii Papa. Namwangalia Wilbroda. Je, kama alikuwa anajua? Mwanamke anayefua nguo za bwanake, anayejua anarudi saa ngapi na amechoka namna gani, kweli hajui? Labda alikuwa anangoja aambiwe. Hapa ndipo nina kesi kidogo na kipindi. Walimpa Wilbroda sauti kubwa na vichekesho vingi, lakini huruma yote wakampa Papa. Sisi watazamaji tulikaa upande wa mdanganyaji miaka 13, tukiomba asikamatwe. Mimi nilijifunza hapo kwamba mwongo ni mtu mzuri mwenye bahati mbaya. Sisemi TV ndiyo iliniharibu, usiniwekee maneno. Nasema nilikuwa na mfano tayari, na ulikuwa unachekesha.

Unaweza kuniambia siku hizi kuna vipindi vipya, na kweli vipo. Single Kiasi ya Showmax, iliyoanza 2022, ina wanawake watatu wa Nairobi na mapenzi yao, na ni nzuri. Nilitazama. Lakini zile nyumba zao mimi naona ni za watu ambao magari yao naosha.

Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, wakati wa corona, na kipindi hakikuendelea bila yeye. Shule zilikuwa zimefungwa, mimi niko Form Three, tuko nyumbani tunapukuchua mahindi. Redio ikatangaza. Mama aliizima, akakaa kimya na gunzi mkononi, kisha akasema: "Sasa nani atamwambia Wilbroda?"

Sikujua kama anatania. Mpaka leo sijui.

Mjomba nilishamwambia. Alinyamaza kidogo, akauliza kama naweza kumwoshea pikapu Jumapili, bure. Bado naosha, na usiku naandika, na salio lile chuoni liko pale pale. Aliyebaki ni mama. Yeye hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa na kuuliza masomo yanaendaje, namjibu yako sawa mama. Kwa hesabu yake mahafali yangu yamekaribia. Kuna fahali ambaye amekataa kumuuza hata bei ilipopanda, na majirani wote wanajua fahali huyo ni wa siku gani.

Hii makala inatoka Jumapili. Mama hana simu ya intaneti, lakini binamu zangu wanazo, na hao hawangojagi mtu. Kwa hivyo Jumamosi asubuhi napanda matatu ya Moi's Bridge. Begi nimeshapanga. Gambuti ziko ndani. Daftari nimeliacha.