Jina Moja na Asili Mbili: Juu ya Sentensi za Kuingiza katika Lugha za Kompyuta

Katika nchi ya Arusha neno Meru ni jina la mlima wenye kimo kipitacho mita 4,500, na la watu wakaao miteremkoni mwake, ambao lugha yao, iitwayo pia Kirwa, huhesabiwa pamoja na lugha za Kichaga. Huko Kenya jina hilo hilo ni la watu wengine, ambao lugha yao ina udugu na Kikuyu. Basi atajaye Kimeru bila kueleza ni cha wapi huwatia wasomaji shakani. Shaka ya namna hiyo huwapata pia waandikao programu za kompyuta, kazi ambayo hufundishwa katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru, chini ya mlima huo.

Programu huazima majina mengi kutoka maktaba zilizokwisha kuandikwa na wengine, na kila jina limo katika kifurushi chake. Katika lugha ya Java, sentensi ya kuingiza huanza kwa neno import. Sentensi hiyo hailetei faili maagizo yoyote. Yatoa ruhusa tu ya kulitaja jina kwa ufupi, bila kutanguliza jina la kifurushi.

Siku hizi kihariri, yaani programu ya kuandikia programu, huweza kuziandika sentensi hizo chenyewe. Hutunza faharasa ya majina ya maktaba. Na mwandishi aandikapo jina geni, hulitafuta humo. Likionekana mahali pamoja, huongeza sentensi. Likionekana mahali pengi, hutoa orodha ili mtu achague. Tena huweza kuzipanga kwa alfabeti na kuzifuta zisizotumika.

Hatari imo katika kuchagua. Jina Date limo katika java.util na katika java.sql pia. Ikiwa chama cha wakulima wa kahawa chataka kuandikiwa siku na saa ya kupimwa kila gunia, na mwandishi kwa haraka akachagua lile la pili, programu yaweza kukubaliwa bila lawama, lakini tarehe ichapwapo hutoka pasipo saa. Kihariri chajua herufi za jina na mahali litokapo. Nia ya mwandishi hakiijui.

Hata neno import lenyewe lina mashaka hayo. Katika Python, sentensi hiyo huyatekeleza maagizo ya faili iliyotajwa, mara ya kwanza iitwapo. Kwa hiyo sentensi idhaniwayo haitumiki yaweza kuwa na kazi, na kuifuta kukaivunja programu. Neno kuingiza lafaa kwa Python. Kwa Java, kutambulisha jina kwakaribia zaidi maana yake. Watungao istilahi wakitumia neno moja kwa yote mawili, hawana budi kuonyesha tofauti hiyo katika maelezo ya kamusi, mwanafunzi asije akadhani kwamba mambo ni yale yale.