Mpangaji Anayelimbikiza Vitu: Utaratibu kwa Wenye Nyumba

Katika mialo ya visiwa vya Wilaya ya Muleba, kama vile Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe, wapangaji huishi katika vyumba vya mbao na bati vilivyosongamana. Hali hiyo haitofautiani sana na ile ya nyumba za kupanga mjini Bukoba, ambamo familia kadhaa hukaa chini ya paa moja. Mahali pa namna hiyo, chumba cha mmoja kikijaa vitu hadi mlangoni, hatari huwa ya wote.

Ieleweke kwanza kwamba si kila mwenye vitu vingi ni mlimbikizaji. Mvuvi huweka nyavu ili azitumie, na mnunuzi wa chuma chakavu hukusanya ili auze. Mlimbikizaji hukusanya magazeti, makopo, chupa na nguo kuukuu, wala hawezi kuachana navyo hata vinapomnyima mahali pa kulala. Shirika la Afya Duniani limeitambua hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa sababu hiyo, haifai kumwita mtu huyo mchafu au mvivu, wala kumshuku uchawi.

Hata hivyo, hatari zake hazipaswi kupuuzwa. Kibatari au jiko la mkaa likianguka penye marundo ya karatasi, au penye petroli ya injini za mitumbwi, moto huenea kabla ya msaada kufika. Panya na nyoka hupata maficho. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Katika janga kama hilo, mwenye mlango uliozibwa hana pa kukimbilia.

Mwenye nyumba anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Azungumze na mpangaji faraghani na kwa heshima, awe Mzee, Mama au kijana. Mazungumzo yahusu usalama, si aibu.

(b) Akague chumba baada ya kutoa taarifa mapema na kwa saa inayofaa, akiwa na mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji kama shahidi.

(c) Aandike barua yenye mambo machache yanayoweza kupimika: mlango na dirisha viwe wazi, jiko liwe mbali na marundo, mafuta yatolewe ndani, na chakula kilichooza kiondolewe. Kila jambo lipewe tarehe yake, na kila upande ubaki na nakala.

(d) Awashirikishe ndugu wa mpangaji pamoja na Afisa Afya, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kukagua na kuagiza kero iondolewe. Mgonjwa aelekezwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili ikibidi apewe rufaa kwenda hospitali.

(e) Suluhu ikishindikana, shauri lipelekwe kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua bati, kubadili kufuli au kutupa vitu wakati mwenyewe hayupo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mpangaji asibughudhiwe katika makazi yake, na inataka taarifa itolewe kabla ya upangaji kusitishwa kwa kosa la kuvunja masharti. Aidha, imeonekana katika nchi nyingi kwamba chumba kikisafishwa kwa nguvu mgonjwa hupata majonzi makubwa, na marundo hurudi upesi. Kisiwani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa aliyetolewa nje jioni hana pa kwenda mpaka chombo kingine kipatikane.

Inafaa kazi hiyo ifanywe kidogo kidogo, mpangaji mwenyewe akichagua kipi kitoke na kipi kibaki, kuanzia na njia ya mlangoni. Lengo la kwanza ni chumba salama, hata kama bado kina vitu vingi. Viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji wanaombwa kuwasaidia wenye nyumba na wapangaji kufikia hapo kabla ya shauri kufika barazani.