Mji na Mwezi Wake Mbaya

Palikuwa na shehe wa Malindi aliyehama mji. Hakufukuzwa na njaa wala vita. Alihama kwa sababu kule alikokwenda palikuwa pakubwa kuliko kwao. Nawasimulia kisa chake, vijana wangu, maana najua wengi wenu mmemaliza shule na kila jioni mnabishana barazani: Mombasa au Nairobi, Kilifi au Mtwapa, ama tuvuke bahari kabisa? Mabishano hayo ni ya zamani sana kwenye pwani hii, na wako waliotutangulia kuyamaliza kwa miguu yao.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Zilitoka Mombasa, ambako hazikupokewa vizuri. Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu wa siku nyingi, na mtawala wa Malindi akaona wageni hawa watamfaa. Akawapa vyakula na matunda, akawapa na rubani wa kuwavusha hadi Calicut, Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali imesimama pale kwenye rasi. Wengi wenu mmepelekwa na walimu kuiona. Kwa karibu miaka mia, Malindi ikawa ndiyo swahiba wao katika pwani nzima.

Basi mwaka 1589 Wareno wakaishambulia Mombasa. Wazimba, kundi la wapiganaji waliotoka kusini, nao wakaingia kisiwani wakaua watu wengi, kisha wakapanda kaskazini wakitaka kuimaliza na Malindi. Hapo wakakutana na kabila la Wasegeju, wakapigwa, wakatawanyika. Baadaye Wasegeju waliitwaa Mombasa wenyewe, wakamkabidhi shehe wa Malindi. Naye akafungasha, akahamia huko na nyumba yake yote, akaitwa sultani. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus.

Mfikirieni siku ile anaingia Mombasa. Bandari yenye kina, kisiwa chenye minazi, mji ambao baba zake walikuwa wakiuonea wivu, na sasa ni wake. Nani angekataa? Lakini ngome haikuwa yake. Funguo alikuwa nazo kapteni wa Kireno, na mizinga pia. Mwanawe Hasan alipokosana na kapteni alikimbilia bara, upande wa Rabai, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila iliyolipiwa na Wareno. Mjukuu, Yusuf, angali mtoto mdogo, akachukuliwa akapelekwa Goa, Bara Hindi, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo. Akarudishwa akiwa kijana awe mfalme wa jina tu. Agosti 1631 aliinuka, akamwua kapteni, akaishika ngome. Mwaka uliofuata akaiacha Mombasa akatokomea baharini, na ukoo ule haukutawala tena.

Shehe aliutazama mji siku yake nzuri. Hakuuliza siku mbaya ikifika nani atakuwa na funguo. Na hili ndilo ninalotaka mlibebe mnapochagua pa kwenda kuanza maisha: mji una mwezi wake mbaya, na ndio mwezi wa kuupima. Miezi mizuri, miji yote hufanana.

Malindi yenyewe, baada ya watawala wake kuondoka, ilififia hadi ikawa magofu na vichaka. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na mji wa kuitwa mji. Twende tena hatua chache kusini, Gede. Nendeni mkatembee mle msituni, muone nyumba za mawe, msikiti mkuu, vyoo na visima vya watu waliokula katika sahani za China. Mwaka 2024 UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia. Lakini wenyewe waliuacha kabla karne ya 17 haijaisha. Sababu hazikuwa moja. Vita na misukosuko ya pwani nzima vimo. Ila kisima cha msikitini kilichimbwa mara ya pili kwenda chini zaidi, na wanaochunguza magofu yale wanaona humo dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mji uliokuwa na dhahabu na kaure za mbali ulikuwa pia na watu waliosimama mdomoni mwa kisima wakitazama kamba haifiki.

Wazee wetu wa baharini walikuwa na bahati moja ambayo nyinyi hamna. Upepo haukuwaruhusu kuutembelea mji kwa siku mbili. Waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi walingoja kusi ianze ndipo warudi, na aliyekawia akakosa upepo alikaa hapa muda mrefu zaidi, mvua zikanyesha, bahari ikafunga, soko likalala. Aliyeamua kuoa na kujenga Malindi au Mnarani alikuwa ameshakula ukata wa mji ule. Nyinyi mnapanda matatu asubuhi, mnafika Mombasa kabla ya adhuhuri, mnaona taa, mnarudi na picha kwenye simu. Hiyo si safari ya kuchagulia mji.

Sasa niwaambie juu ya watu waliojua kuchagua kuliko masultani. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Unguja aliifufua Malindi iwe mji wa mashamba. Mtama na ufuta vikalimwa kwa wingi mpaka vikapakiwa kwenda ng'ambo. Walioyalima mashamba yale hawakuhamia Malindi, waliletwa. Walikuwa watumwa. Wengi wao vijana wa rika lenu, waliotekwa mbali huko bara, na hakuna aliyewauliza mnapenda mji gani. Nawaomba msilipite jambo hili haraka. Kuchagua mji kwa hiari ni kitu ambacho vijana wengi wa pwani hii walinyimwa.

Baadhi yao walitoroka. Wakaingia bara, nyuma ya mashamba, katika nchi ya Wagiriama, na mmoja wa miji waliyojenga uliitwa Fuladoyo. Jiwekeni katika nafsi ya mtoro. Huwezi kurudi ulikotoka. Huna pesa, huna ukoo. Unatafuta mahali pa kuishi, na ukikosea unarudishwa kwenye minyororo. Utatazama nini? Hutatazama uzuri. Utatazama kama kuna maji, kama ardhi inaota mtama, na zaidi ya yote utamtazama jirani: siku bwana wangu atakapokuja na bunduki na fedha, huyu ataniuza au atanyamaza? Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Wenye watumwa wakaja juu kuwadai, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa waliojiita mabwana zao. Watu wale walipima mji kwa siku yake mbaya kabisa, nao wakaishi.

Basi turudi kwenu. Tuseme wewe ni binti wa Ganze, umemaliza kidato cha nne, una cheti cha ushonaji au cha kompyuta, na nyumbani mvua haieleweki. Kaunti yetu ya Kilifi ina zaidi ya watu milioni 1.4 kwa sensa ya 2019, na vijana wengi wako njiani kama wewe.

Malindi itakuvuta kwanza. Desemba pamejaa, tuktuk hazipumziki, hoteli za Watamu zinaita watu kazini, na utasikia wauza mboga na mafundi seremala wakizungumza Kiitaliano kama waliozaliwa Roma. Wala usikidharau Kiitaliano hicho. Kimesomesha watoto wengi. Lakini njoo mwezi wa Mei. Kusi inavuma, mto Sabaki umefurika na kuleta tope lake hadi bahari ya mjini imekuwa nyekundu, hoteli nyingine zimefunga milango mpaka Julai, na wafanyakazi wake wameambiwa wangoje simu. Mwaka 2020, ndege za wageni zilipokoma, simu hiyo haikuja kwa muda mrefu, na watu waliovaa sare nadhifu miaka mingi walirudi kushika jembe. Kwa hiyo uliza hivi: kazi ninayoijua, Mei itanilisha? Fundi wa majokofu anakula Mei. Mshonaji wa sare za shule anakula Mei, hata Januari. Anayetembeza wageni ufuoni hana budi kuweka akiba mapema, na wako wanaoiweka kwa nidhamu kubwa.

Kilifi ni tofauti, na nakiri naipenda. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, watu walivuka hori kwa feri. Leo ni makao makuu ya kaunti, ina Chuo Kikuu cha Pwani, ina kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kilichoanza 1989 na kinachoajiri watu wa kila namna, toka madaktari hadi madereva. Mshahara wa serikali na wa utafiti hausubiri upepo ugeuke. Mwezi mbaya wa Kilifi ni likizo ya chuo: vibanda vya chapati na mbaazi hupoa, wenye nyumba hutafuta wapangaji. Ukitaka chumba, huo ndio wakati wa kuzungumza bei. Ukitaka kufungua kibanda, huo ndio wakati wa kukaa mkabala na mahali unapopataka na kuhesabu wapitao.

Kuhusu maji, usione haya kuuliza. Malindi, Kilifi hata Mombasa hutegemea sana maji ya Baricho, kando ya Sabaki, na mitambo ya huko ikipata hitilafu mabomba hukauka pande zote hizo. Kwa hiyo kabla ya kutazama rangi ya ukuta, muulize jirani, usimwulize mwenye nyumba: bomba likikatika mnateka wapi, na mtungi wa lita 20 unapanda hadi shilingi ngapi? Chumba cha bei nafuu chenye maji ya kununua kila siku kinaweza kukushinda kuliko cha bei ya juu chenye kisima.

Mtwapa niipite haraka: inafaa kwa mwenye kibarua Mombasa asiyetaka kodi ya Nyali, mradi ahesabu nauli. Mombasa yenyewe ni bandari, na bandari ikipiga chafya mji mzima huugua. Makontena yalipoanza kupelekwa bara moja kwa moja kwa reli, madereva wa malori, makuli na wenye magodauni walipoteza kazi, na mwaka 2019 watu walitoka barabarani kulalamika. Ukienda huko na ufundi wa magari makubwa, lijue hilo. Nairobi ina kazi za kila aina, sitawadanganya. Kijana wa kompyuta atapata huko watu wa kumnoa ambao hapa bado ni wachache. Lakini ni usiku mzima wa basi kutoka kwa mama yako. Na wale waliopanga kando ya mto Mathare kwa sababu kodi ilikuwa nafuu waliona mwezi wao mbaya Aprili na Mei 2024, maji yalipoingia vyumbani usiku.

Kuna na mji ambao huwezi kwenda kuulala kwanza. Nazungumzia Ghuba. Wako waliokwenda wakajenga nyumba za mawe huku kwetu. Wako waliorudi wakiwa kimya. Siwakatazi. Ila mkumbukeni shehe na zile funguo. Ukifika kisha tajiri akaichukua paspoti yako akaifungia kabatini, wewe umo ndani ya ngome ya mtu. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, soma mkataba na mtu anayeelewa, acha nakala nyumbani, na mtafute binti aliyerudi, umwombe akueleze mambo yalipomwendea vibaya alimpigia nani.

Swali hilo hilo la nani atakuja nitakapoumwa liulize kila mji. Msiende mahali ambapo jina lako halijulikani na mtu hata mmoja. Si lazima awe ndugu; anaweza kuwa mtu wa kanisa lenu, wa madrasa yenu, mliyesoma naye, au chama cha watu wa kwenu wanaochangiana msiba na hospitali. Ukifikia kwa shangazi, mwambie mapema utakaa muda gani, uingie jikoni kusaidia, na ukipata kibarua cha kwanza umpe cha chumvi kabla hajakuomba. Wengi mji haukuwashinda. Walishindwa na nyumba waliyofikia.

Basi binti wa Ganze, panga safari yako mvua zikiwa zimeshika. Lala huko siku kadhaa. Amka alfajiri uone wanaokwenda kazini wanakwenda wapi. Kaa kwa mama wa mahamri, umwulize mwezi huu anauza kiasi gani ukilinganisha na Desemba. Atakueleza, wanapenda kuulizwa. Ingia katika karakana za wenye ufundi wako, omba kufanya kazi ya siku moja, uone wanalipwaje na kama wanalipwa. Ukikipenda chumba, usikilipie siku hiyo. Rudi kwanza nyumbani, kaa na wazazi uwaeleze ulichokiona mvua ikinyesha, halafu ndipo umpigie simu mwenye nyumba.