Gari la Kuvuta Tela Mchangani: Mama, Nawe Uwe na Neno

Katika nyumba nyingi ununuzi wa gari ni shauri la baba na fundi wake. Mama huitwa siku ya mwisho, aje aone rangi. Lakini akiba inayotumika ni ya nyumba nzima, na watakaokaa ndani ya gari hilo likizama mchangani jua likiwa kali ni watoto wa nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo mwezi huu tumeamua kuzungumza na akina mama kuhusu gari la kuvuta tela lenye hema, magodoro na masufuria hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pale lami inapokwisha na mchanga unapoanza.

Kuvuta mizigo hadi Ujiji si jambo jipya. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliondoka pwani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o waliwaua ng'ombe, mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, na waliofika Ujiji walifika Agosti 1878. Mmoja wao alikuwa baharia, Edward Hore. Mwaka 1882 alianza safari nyingine na mashua ya chuma iliyogawanywa vipande, ikavutwa na watu juu ya mikokoteni mpaka ziwani, wakafika mwaka 1883. Mkewe, Annie, alishindwa kufika katika majaribio ya kwanza, lakini mapema mwaka 1885 aliingia Ujiji pamoja na mtoto wao mdogo, Jack. Alisafiri katika kiti cha magurudumu ambacho sehemu kubwa ya njia kilibebwa na wapagazi, na mwaka 1886 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa. Tunamheshimu mama huyo. Hata hivyo, sisi tunawafikiria zaidi wale waliombeba, ambao wachache leo wanajua majina yao. Gurudumu lisilofaa kwa njia huurudisha mzigo kichwani mwa mtu.

Tuanze na uzito, maana hapo mama ana ujuzi kuliko muuza magari. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Tuseme familia ya watu sita inakwenda kambi ya siku tatu na madumu kumi: hizo ni kilo 200 kabla ya kupakia hema. Mtungi wa gesi wa kilo 15, pamoja na chuma chake, hufika kama kilo 30. Ongeza mchele, unga, mafuta, magodoro, na lile sufuria kubwa la jumuiya ambalo kila mtu husema halina uzito mpaka alibebe. Tela lenye hema la kukunjwa peke yake linaweza kuwa na kilo 500 au zaidi. Kwa magari mengi, tela lisilo na breki zake lenyewe halitakiwi kuzidi kilo 750. Mnaona jinsi tunavyokaribia kiwango hicho bila kujua. Pakueni madumu saba. Maji ya kuogea na kufulia yako ziwani, na ya kunywa mtachemsha huko huko.

Sasa gari lenyewe. Si kila gari lenye maandishi ya magurudumu manne ubavuni linafaa kazi hii. RAV4 na Noah za aina hiyo ni magari mazuri ya kupeleka watoto shule na kupita tope dogo, lakini hayana ule mpangilio wa pili wa gia za polepole zenye nguvu. Yakivuta tela kwenye mchanga laini kwa muda mrefu, vyombo vya ndani hupata moto na kuchoka. Tafuteni gari lenye kijiti cha pili cha gia, au swichi inayofanya kazi hiyo, lenye tumbo lililo juu na fremu ya chuma chini yake. Land Cruiser ile ambayo wengi huiita mkonga, Land Rover Defender, Nissan Patrol, Prado na Hilux zote zina mpangilio huo. Suzuki Escudo za zamani nazo zinao, na wepesi wake ni faida mchangani, ila tela lake liwe dogo.

Kwa familia inayoishi Kigoma, sisi tungeuliza kwanza spea zinapatikana wapi na nani anajua kulitengeneza gari hilo, kabla ya kuuliza mwaka lilipotengenezwa. Gari linalosubiri kipuri kutoka Dar es Salaam wiki tatu halimpeleki mtu kambini wala hospitali.

Tela nalo lichaguliwe. Magurudumu yake yapishane kwa upana sawa na ya gari, ili yapite katika nyayo ambazo gari limekwisha kuzishindilia. Likiwa jembamba au pana zaidi, linachimba njia yake lenyewe na kuwa kama nanga. Mzigo mzito ukae katikati, juu ya ekseli, ukielekea mbele kidogo, kiasi kwamba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie ndoano.

Jambo linalowaokoa watu wengi mchangani halina gharama: kupunguza upepo wa tairi. Tairi zenye upepo wa 35 kwenye pampu ya gereji zishushwe hadi 18, hata 15, za gari na za tela pia. Tairi hulala, hukanyaga eneo refu zaidi, na mchanga hubeba uzito. Mwendo uwe wa pole usiokatika, bila kukata kona ghafla. Mkirudi barabarani jazeni upepo kabla ya kukimbia, kwa hiyo pampu ya kubebeka ni lazima. Mchanga wenye unyevu wa usiku hushika kuliko ule wa saa nane mchana. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, dereva aache mafuta mara moja. Akiendelea anachimba kaburi la ekseli. Shukeni, chukueni koleo, fungueni tela, litoeni gari kwanza.

Hapo mama awe mkali. Wakati wa kuvutwa kwa kamba, watoto wawe mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Kamba isifungwe kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia tela, kwa sababu ikikatika huruka kama risasi na imekwisha kuua watu katika nchi mbalimbali. Na mtoto asipande ndani ya tela, hata kama ni hatua chache tu.

Tukumbuke pia pwani yetu ilivyo. Karibu na mji wa Kigoma vilima vya mawe huingia majini, na mchanga uko katika vighuba vidogo. Gombe hufikiwa kwa boti, si kwa gari. Ujiji ardhi ni tambarare zaidi, lakini ziwa hubadilika: pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 maji yalikuwa karibu, kisha yakarudi nyuma, na katika miaka ya 2020 yamepanda na kumeza sehemu za fukwe. Waulizeni wavuvi njia ya leo. Wala msipitishe gari mahali akina mama wameanika dagaa.

Kama mchanga wenu ni mita mia mbili tu, liacheni tela kwenye udongo mgumu, vijana wabebe mizigo. Fedha mtakayookoa kwa kununua gari dogo zaidi itasomesha mtoto.

Mkikubaliana kununua lile kubwa, nendeni wote wawili kulijaribu. Mwombeni muuzaji aingize gia za nguvu kwenye udongo laini, si kwenye lami kavu, maana magari mengi ya aina hii hujikaza na kuumia yakilazimishwa kuvuta kwa magurudumu manne juu ya lami. Sikilizeni kama kuna mlio. Akisema kijiti hicho hakijaguswa miaka mingi, inameni mkiangalie na fundi wenu kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.