Stashahada ya Masafa kwa Mkazi wa Kilwa

Stashahada, yaani tuzo ya ngazi ya 6 katika mfumo wa elimu ya ufundi nchini Tanzania, ndiyo inayokaribiana zaidi na shahada fupi ya miaka miwili itolewayo na vyuo vya jamii vya Marekani. Kwa mkazi wa Kilwa Masoko au Kivinje asiyeweza kuacha kazi, mlango wa karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, chenye kituo cha mkoa mjini Lindi.

Ada hulipwa kwa kadiri ya masomo aliyojiandikisha mwanafunzi, hivyo anayeishi kwa mapato ya msimu, kama mkulima wa ufuta, anaweza kusajili masomo machache na kuongeza baadaye, ingawa kila somo linaloahirishwa hurefusha muda wa kuhitimu. Malipo hupitia namba maalumu ya kumbukumbu, benki au kwa simu. Anayedai fedha taslimu mkononi ni wa kuogopwa. Gharama ambayo wengi huisahau ni ile isiyoandikwa kwenye orodha ya ada: bando la intaneti, pamoja na nauli ya kupitia Nangurukuru hadi Lindi na malazi wakati wa mitihani.

Kabla ya kulipia programu ya chuo cha nje, inafaa kwanza kuuliza mamlaka za ithibati, yaani TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vya ufundi, iwapo cheti chake kitatambuliwa.