Kompyuta Iliyozima Katikati ya Mapambano

Koplo mmoja akaaye Kamwokya, Kampala, alituita chumbani kwake akiwa ameghadhibika. Alikuwa amedunduliza mshahara wa miezi mitano, akanunua kadi mpya ya picha, RTX 3060, kwa michezo ya kompyuta. Tangu siku ile, kila mapambano yakipamba moto, mashine huzima ghafula na kujiwasha upya. Alikwisha azimia kumshitaki fundi kwamba amemwuzia kadi bandia.

Tulimsihi asubiri. Taa ya chumbani haikuyumba, basi kosa halikuwa la umeme wa mtaani. Joto la mashine lilikuwa la kadiri. Tukairudisha kadi yake kuukuu, GTX 1050 Ti. Ikafanya kazi hadi saa sita za usiku bila kisa. Hapo, ndugu askari, wengi wetu tungeihukumu kadi mpya. Lakini ile kuukuu hula wati 75 tu. Mpya hula 170, na kwa kufumba na kufumbua huruka juu ya hapo. Watengenezaji hushauri kisanduku cha umeme cha wati 550. Cha koplo kilikuwa cha 400, tena kimechakaa. Kikielemewa hujikinga kwa kukata umeme. (Kisanduku hicho hakifunguliwi: hata kikichomolewa, umeme wa hatari hubaki ndani.)

Aliazima cha wati 650, akairudisha kadi ileile mpya. Tulimwacha alfajiri angali akipambana, na habari za mashitaka hakuzitaja tena.